Zefe, Fujo na Fuso



Mfungo Sita mmoja nilitembea na zefe ya maulidi hapa Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nyuma kabisa, pamoja na akina mama na watoto waliokwisha kuchoka. Mbele dufu zinalia, bendera za kijani zinapepea, vijana wa madrasa wamevaa kanzu zilizopigwa pasi hadi zinakata. Tulipofika pale reli inapokata barabara, lori likatokea nyuma yetu, likapiga honi mara tatu. Watoto wakadhani wanashangiliwa, wakapunga mikono. Mlinzi wetu wa nyuma alikuwa kijana wa bodaboda aliyefunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na saa hiyo alikuwa amesimama pembeni kununua barafu ya ukwaju.

Halikutokea lolote. Tulifika, pilau ikaliwa, kila mtu akarudi kwake. Ila jioni ile nikauliza barazani: lingetuvamia lile lori, nani angeulizwa? Dereva, wakajibu wote kwa pamoja. Na baada ya dereva? Kimya. Mwisho mmoja akasema, "Kamati." Kamati ni nani? Akacheka.

Sisi wa mkoa huu hatuna haki ya kucheka sana. Februari 3, 2023, pale Magira Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba waombolezaji na jeneza kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso lililokuwa likijaribu kulipita gari jingine. Taarifa ya kwanza ilitaja watu 17, na idadi ikapanda baadaye. Watu wanakwenda kuzika, wanazikwa. Januari 13, 2025, eneo la Chang'ombe, Segera, wananchi walikuwa wamekusanyika kwenye ajali iliyotangulia, lori likawaingia; 11 wakafa, 13 wakajeruhiwa. Na Mwanza, Julai 22, 2023, Jumamosi asubuhi, wakimbiaji wa klabu moja ya jogging wilayani Ilemela waligongwa na Hiace barabarani, sita wakapoteza maisha. Jogging hizo hapa Tanga mnazijua: fulana za rangi moja, nyimbo, barabara nzima imejaa.

Kila mara hadithi yetu inaishia kwa dereva. Kakamatwa, au kakimbia. Simtetei, mwendo kasi ni mwendo kasi. Lakini umati haukujileta wenyewe barabarani. Kuna aliyeuita, aliyechagua njia, na aliyepelekewa barua akaigonga mhuri.

Barua yenyewe tuiangalie. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa hadhara atoe taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Aseme mahali, saa na madhumuni. Polisi wanaweza kuzuia wakiona amani au usalama wa watu uko hatarini. Vizuri. Ila mmesikia mara ngapi msafara umezuiwa kwa sababu njia yake ina kona mbaya? Mie sijasikia hata mara moja. Tunavyoitumia sheria hii, inaogopa fujo, haiogopi Fuso. Barua ya zefe au ya jogging inasomwa kama ya mkutano wa siasa: nani atahutubia, atasema nini. Nani atafunga barabara, na nani atabaki nyuma na fulana ya kung'aa, haulizwi mtu.

Wenzetu nao yamewakuta. Novemba 15, 2012, mji wa Midland, jimbo la Texas, Marekani, kulikuwa na gwaride la kuwaenzi askari waliojeruhiwa vitani. Tela lililobeba askari na wake zao liliingia relini huku kengele za tahadhari zikilia, treni ya mizigo ikalikumba. Askari wanne waliorudi hai kutoka vitani wakafia kwenye sherehe yao. Kilichonigusa mimi ni kwamba msafara ulikuwa na polisi, na ulikuwa umeshapitishwa taa nyekundu. Ukishapitishwa taa nyekundu, kengele ya reli nayo unaiona pambo tu. Bodi ya taifa ya uchunguzi haikuishia kwa dereva wa tela. Ilisema chanzo ni halmashauri ya mji na waandaaji, ambao hawakuipima hatari ya kupitisha gwaride relini. Treni ilikuwa na ratiba, msafara ulikuwa na ratiba, na ratiba hizo mbili hazikukutanishwa mezani.

Sasa turudi kwa "kamati." Kesi ya jinai ikimfunga dereva, watoto wa marehemu hawapati hata unga. Fidia ni njia nyingine. Gari lina bima ya mtu wa tatu, na sheria inawaruhusu mke, mume, watoto na wazazi kudai kwa kifo kilichosababishwa na uzembe. Lakini hapo mjane ataanza safari: ripoti ya polisi, cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi, nenda rudi. Akitaka kuishitaki Serikali, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Akitaka kumshitaki mwandaaji, anakuta kikundi kisichosajiliwa, na kikundi cha namna hiyo hakishitakiwi kwa jina lake. Atafute watu, mmoja mmoja. Na hao watu ndio waliokuja matangani wakala naye ubwabwa. Nani atampelekea shehe wa mtaa wake hati ya mahakama? Tunasema ni kudra, tunafunga turubai. Kudra ipo, sibishi. Lakini kudra haikumpeleka yule kijana wa bodaboda kununua barafu.

Wiki iliyopita nilimpitia mzee mmoja anayeshughulikia zefe ya mtaani kwetu. Nikamwamkia, akanikaribisha mkekani, akanionyesha barua ya mwaka huu. Mahali, saa, madhumuni: vyote vipo. Chini imetiwa saini "Kamati." Nikamuuliza njia wanayopita. Akaitaja, barabara kwa barabara, hadi relini.

"Na treni, mzee?"

"Ya abiria siku hiyo haipiti, mwanangu."

"Ya mizigo je?"

Akanyamaza, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa anatia upepo baiskeli uani.

"Hebu nenda stesheni mara moja," akamwambia. "Kaulize."