Habari Isiyotoka kwa Mwenye Duka



Zamani habari za pwani zilifika Tabora kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na maneno. Reli ilipofika mwaka 1912, habari zikapanda treni. Leo zinaingia kwenye simu.

Katika simu hiyo hiyo kijana wa Tabora anacheza mpira, anakimbiza magari, na mara nyingine ananunua silaha za mchezoni kwa pesa halisi. Nani atamwambia kwamba mchezo fulani ni mtego wa mfuko wake? Tangazo halitamwambia. Mwenye duka hasemi unga wake una wadudu.

Kwa hiyo nawahitaji waandishi wa michezo na teknolojia wasiomtegemea muuzaji. TeknoKona, kwa mfano, imeeleza mambo ya simu na intaneti kwa Kiswahili, lugha ya mnunuzi mwenyewe.

Lakini sauti ndogo huzimika upesi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye blogu walipe ada za takriban shilingi milioni 2. Kanuni nyingine zilitungwa mwaka 2020, ila funzo limebaki: ada kubwa humwachia uwanja mwenye fedha.

Penye bao, watazamaji humkosoa mchezaji bila kulipa kiingilio. Michezo ya simu nayo ipate watazamaji wa namna hiyo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.