TUSIMLIMIE FUKUSI
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo tuzungumze juu ya maharage. Najua wengine mtasema, "Maharage tena! Tumeyala tangu utotoni, kuna jipya gani?" Lipo. Nisikilizeni kidogo.

Kwanza tukumbuke thamani yake. Mwaka 1975 nchi yetu iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili chakula bora. Mafundisho hayo hayajazeeka. Nyama ni ghali, na samaki wako mbali na milima ya Uluguru. Lakini maharage tunayalima wenyewe. Kilo moja ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200 za protini, yaani kile chakula kinachojenga mwili. Kinachopungua katika ugali kimo katika maharage. Na kinachopungua katika maharage kimo katika ugali. Vikiwa pamoja kwenye sahani ya mtoto, vinasaidiana kumjenga.

Sasa tuje kwenye tatizo. Mkulima wa Mgeta au Matombo analima mlimani kwa jembe la mkono. Anapanda, anapalilia, anavuna, anapiga, anapepeta, anatia kwenye gunia. Baada ya miezi michache anafungua gunia lake. Lo! Matundu matupu, unga unga, na wadudu wanatembea. Maharage yamebunguliwa.

Kwa sababu ya kumwogopa mdudu huyu, wengi wetu huuza maharage yote mara tu baada ya mavuno. Wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Baadaye nyumbani hakuna mboga wala mbegu. Unakwenda sokoni kununua kwa bei ya juu, pengine maharage yale yale uliyoyateremsha mwenyewe kichwani. Hebu niambieni, jamani, hapo tumemlimia nani?

Basi tumjue adui yetu. Fukusi wa maharage ni wa aina mbili. Wa kwanza hupenda sehemu za baridi, kama huko milimani. Huyu huanza kazi yake shambani. Maganda yakikauka na kupasuka, jike huingiza mayai ndani. Ghalani pia hutaga, na mayai yake hutapakaa ovyo kati ya punje. Wa pili hupenda sehemu za joto. Yeye hugandisha mayai juu ya punje, nawe utayaona kama vidoa vyeupe. Wote wawili, yai likianguliwa hutoka buu. Buu hutoboa punje, hukaa ndani akila, kisha hutoka akiwa mdudu kamili. Lile tundu la duara unaloliona ni mlango aliotokea. Ukiliona, ujue amekwisha kula.

Wataalamu nao wamehangaika naye. Pale Morogoro mjini, chini ya milima yetu, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Chuo hicho kimetoa mbegu kadhaa za maharage. Mwaka 1990 ilitoka SUA 90. Mwaka 1997 ikatoka Rojo, yenye punje nyekundu. Mwaka 2006 zikatoka Mshindi na Pesa.

Lakini kumshinda fukusi ni kazi nyingine. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipima maelfu ya aina za maharage yanayolimwa. Hawakupata yenye kinga ya kutosha. Asili ya maharage ni Amerika ya Kati na Kusini, na huko bado yako yanayoota mwituni. Katika miaka ya 1980 waliyapima ya mwituni kutoka Meksiko. Punje zake ni ndogo mno, hakuna mama atakayezinunua sokoni. Ajabu ni kwamba baadhi yake zilimshinda fukusi! Zina protini iitwayo aselini. Buu akiila, hakui vizuri, na wengi hufa.

Baadaye wataalamu wa Sokoine, pamoja na wenzao wa Oregon State University ya Marekani, walichukua kinga ya namna hiyo kutoka kwa mmea mwingine wa mwituni ulio ndugu wa maharage. Wakaanza kuiingiza katika Rojo. Huunganisha mimea hiyo miwili, kisha uzao wake huunganishwa tena na Rojo, mara nyingi, ili punje ibaki kubwa na kinga isipotee. Hiyo ni kazi ya miaka mingi.

Je, sisi tukae tukisubiri? Hapana. Yapo tunayoweza kufanya sasa:

1. Vuna mapema maharage yakishakauka. Usiyaache shambani yakapasuka.
2. Yaanike vizuri juani, yapepete, ondoa yenye matundu.
3. Usichanganye maharage mapya na ya zamani. Safisha ghala na magunia kwanza.
4. Changanya na majivu makavu yaliyochekechwa. Au paka mafuta ya kula, kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kila kilo.
5. Ukiweza, tumia chombo kinachofungwa kabisa, hewa isiingie. Mdudu naye anahitaji hewa.

Liko na jambo la sita, nalo halina gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walieleza kuwa buu wa yule fukusi wa kwanza huhitaji karibu siku nzima kutoboa punje. Tena lazima ajiegemeze kwenye punje ya jirani. Ukiviringisha chombo, punje zinasogea, naye anapoteza egemeo lake. Walipoviringisha vyombo kila siku, wadudu walipungua kwa asilimia 97. Fukusi wa pili hashindwi hivyo, kwa sababu yai lake limeganda kwenye punje.

Msiniamini kwa maneno tu. Jaribuni. Chukua makopo mawili yenye vifuniko. Tia maharage ya shamba moja, nusu kopo kila moja. Kopo la kwanza liviringishe asubuhi na jioni. La pili liache. Andika tarehe kwenye daftari. Baada ya miezi miwili, hesabu punje 100 kutoka kila kopo. Ngapi zina matundu? Andika.

Huo ndio utafiti, ndugu zangu. Ni kutazama, kuhesabu na kuandika. Zamani tungeweza kutazama na kuhesabu tu, mwaka ujao tukasahau. Leo kalamu tunayo. Msimu ukifika, leteni madaftari yenu darasani tulinganishe.