Kasuku Wadogo na Miti Mikongwe

Sisi wa Utemini na Singida yote twamjua kasuku mdogo wa kijani, mwenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe machoni. Wenye elimu walimwandika mwaka 1887, wakamwita kwa jina la msafiri Mjerumani, Fischer. Nchi yake ya asili ni huku kwetu, kaskazini mwa Tanzania.

Katika miaka ya 1980 alitegwa, akauzwa ng'ambo kwa maelfu, akapungua. Mwaka 2016 Serikali ilizuia kupeleka nje wanyama hai. Lakini mtego si adui wake pekee. Yeye hula mbegu za nyasi, na hutaga ndani ya tundu la mti mkongwe. Tukichoma nyasi zote, atakula nini? Tukikata mgunga mkongwe, tukapanda mche, mche hauna tundu. Litapatikana baada ya miaka mingi.

Ni kweli, hutuibia uwele. Basi na tumfukuze shambani, tusimwondolee nyumba yake porini. Tukatapo kuni, tuuache mti wenye tundu. Gunia la mkaa huisha upesi. Mti ule hukaa na wajukuu wetu.