Sindano Si Adhabu: Mtoto Anapopelekwa Kushonwa

Wahenga walisema ajali haina kinga, na katika nyumba yenye watoto wadogo ajali haibishi hata hodi. Mtoto aliyekuwa akicheka sasa hivi hukutwa ameshika kichwa, damu ikimchuruzika baina ya vidole, na mzazi aliyekuwa na utulivu wake dakika moja tu nyuma hajui aanzie wapi. Mazungumzo ya leo yanahusu safari fupi ya kutoka nyumbani hadi chumba cha dharura, mtoto anapohitaji kushonwa jeraha. Zaidi ya hapo yanahusu maneno anayoambiwa mtoto huyo kabla ya safari yenyewe, na hata miezi mingi kabla yake.

Chukua mfano wa familia moja iishiyo mashariki mwa jiji la London. Baba alikuwa kazini, zamu ya usiku. Mama alikuwa chini, akizungumza kwa simu na mama yake aliyeko Tanga. Juu, mtoto wa kiume wa miaka minne alikuwa akiruka kitandani pamoja na dada yake wa miaka tisa, mchezo waliokatazwa mara nyingi. Dada alimsukuma kidogo kwa mzaha, mtoto akateleza, na paji la uso likagonga pembe ya dirisha. Jeraha halikuzidi urefu wa sentimita tatu, lakini lilikuwa limeachama, na damu ilikuwa nyingi.

Wingi huo wa damu ndio unaowatia wazazi kiwewe. Ngozi ya kichwa na ya uso ina mishipa midogo mingi sana, na kwa hiyo jeraha dogo la hapo hutoa damu kuliko jeraha kama hilo likiwa mguuni. Linalotakiwa ni jambo jepesi: kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa muda wa dakika kumi, bila kufunuafunua na kuchungulia. Majivu, unga wa kahawa na dawa ya meno, ambavyo vingali vikitumika katika nyumba nyingi, haviponyi jeraha bali hulichafua. Kama kipande cha kioo kimezama ndani, kisichomolewe nyumbani.

Lakini ikiwa mtoto alipoteza fahamu baada ya kugonga kichwa, au anatapika mara kwa mara, au anasinzia kwa namna isiyo ya kawaida, au anapatwa na degedege, au maji maangavu yanamtoka puani au sikioni, basi jambo hilo limekwisha kupita ngozi. Hapo gari la wagonjwa liitwe bila kuchelewa: kwa nambari 999 nchini Uingereza, 911 huko Marekani na Canada, 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, na 9999 nchini Oman.

Mtoto wa familia hii hakuwa na dalili hizo. Alilia kwa sauti, jambo ambalo lenyewe ni faraja, na mama akamfunga kitambaa, akamshika dada mkono, akaita teksi.

Njiani mama alisumbuliwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa fedha. Kwa upande wa England, uchunguzi na matibabu yanayotolewa ndani ya chumba cha dharura cha hospitali ya umma hayana malipo kwa mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni. Anayeweza kudaiwa ni yule asiye mkazi wa kudumu, endapo atalazwa wodini. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko, sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye vyumba vya dharura zimchunguze kila anayefika na kumtuliza hali yake kabla ya kumuuliza habari ya uwezo wa kulipa, ingawa hati ya madai huja baadaye na huenda ikawa nzito. Hata hivyo, jeraha lililoachama halifai kungoja hadi kesho, kwani likifungwa katika saa chache za mwanzo hupona vizuri zaidi.

Wazo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Mama alikuwa amesikia, kama walivyosikia wengi walio ughaibuni, kwamba hospitalini huulizwa mtoto ameumiaje, na kwamba jibu likiwa baya, watu wa ustawi wa jamii huja wakawachukua watoto. Kwa hofu hiyo alimwambia binti yake: "Wakiuliza, sema alianguka kwenye ngazi." Binti aliitikia kwa kichwa. Yeye naye alikuwa na sababu yake ya kupendelea habari ya ngazi.

Walipofika, waliandikishwa, kisha muuguzi akalitazama jeraha. Katika chumba cha dharura foleni haifuati nani alitangulia, bali inafuata nani yuko hatarini zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyefika nusu saa baadaye, akihema kwa shida, aliingizwa kwanza. Mtoto wetu alipimwa uzito, kwa kuwa dawa za watoto hupimwa kwa kilo, akapewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Kisha likaja swali: ilikuwaje?

Kiingereza cha mama kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi. Binti alifungua kinywa ili atafsiri, lakini muuguzi akamzuia kwa upole, akanyanyua simu na kumtafuta mkalimani. Miongozo ya huduma za afya nchini Uingereza inashauri watoto wasitumiwe kuwa wakalimani wa wazazi wao, na huduma ya mkalimani haimgharimu mgonjwa kitu. Nchini Marekani pia hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpatia mkalimani asiyejua Kiingereza. Ni haki ya kuombwa bila kuona haya, kwa kulitaja jina la lugha yenyewe: Kiswahili.

Mara simu ikasema, "Habari za usiku, mama. Pole sana na mtoto." Mama, aliyekuwa hajasikia neno la kwao tangu aondoke nyumbani, alitokwa na machozi. Naye akiisha kujifuta, hakuweza tena kuitaja ile ngazi. Alieleza yote: simu ya Tanga, kitanda, kusukumana, dirisha. Muuguzi aliandika, akashukuru, akasema kwamba watoto huruka vitandani dunia nzima.

Swali lile huulizwa kwa kila mtoto aliyejeruhiwa, wa tajiri na wa maskini, mwenyeji na mgeni, kwa sababu wapo watoto wanaoumizwa kwa makusudi na hawana wa kuwasemea. Wauguzi hulinganisha habari na jeraha. Habari ya kweli hulingana na jeraha, hata iwe ya kuaibisha. Habari ya kubuni ndiyo izaayo maswali, maana ngazi haiachi alama ya pembe ya dirisha. Tena, lau angeitetea ile ngazi, mama angemfundisha binti yake kwamba kosa dogo la mchezo ni siri ya kufichwa mbele ya watu wazima.

Ndipo akaingia daktari, na hapo lilizuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mtoto, aliyekuwa ametulia mapajani, alipiga ukelele, akajificha kifuani mwa mama yake na kumuuliza: "Nimekosa nini?"

Mama alilielewa swali hilo mara moja, na likamchoma. Katika nyumba ile, kama katika nyumba zetu nyingi, daktari alikuwa akitajwa kila siku. Mtoto akikataa chakula: "Nitamwita daktari akuchome sindano." Akigoma kulala: "Daktari anakuja." Hayo husemwa kwa utani na hufaulu kwa muda, maana mtoto hunyamaza. Lakini mtoto wa miaka minne hajui utani wa namna hiyo. Watoto wa umri huo ni wepesi kudhani kwamba maumivu ni malipo ya utundu wao, na huyu alikuwa ametoka kuruka kitandani alikokatazwa. Kwake yeye, ahadi ya siku zote ilikuwa imetimia.

Mama alitaka kumtuliza kwa maneno yaliyo karibu na ulimi: "Hakuna sindano, haitauma." Mkalimani alipoyatafsiri, daktari alitikisa kichwa na kuomba mtoto asiambiwe hivyo. Akiahidiwa kwamba haitauma, kisha ikauma, hatamwamini tena daktari wala mama. Basi mama akasema upya: "Hukukosa kitu, baba. Daktari hapigi watoto. Umeumia, na yeye anakuja kuziba jeraha. Utachomwa kidogo, itauma kidogo, halafu itakwisha. Unaweza kulia. Mimi sitaondoka." Kisha akaongeza lililo gumu kwa mzazi: "Nilikosea kukutisha na daktari."

Neno hilo, "sitaondoka," halikuwa rahisi kutimizwa zamani. Katika hospitali nyingi za Uingereza hadi miaka ya 1950, wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa saa chache tu, wakiambiwa kwamba kuwapo kwao huwaliza wadogo. Mwaka 1952, James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini siku nane, akififia kwa huzuni ya kutengwa na mama yake. Mwaka 1959, ripoti ya kamati iliyoongozwa na Harry Platt ilishauri wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto bila vizuizi vile. Mama anayekaa leo kando ya kitanda na mwanawe mapajani amerithi matunda ya hoja hizo.

Jeraha dogo, safi, ambalo kingo zake hukutana zenyewe, huweza kufungwa kwa gundi ya kitabibu pasipo uzi. Hili lilikuwa na kina, na kingo zake zilivutana, kwa hiyo lilihitaji nyuzi. Kwanza lilipakwa jeli ya ganzi, ikaachwa kwa muda wa nusu saa. Kisha likaoshwa vizuri, likaongezwa ganzi kwa sindano nyembamba. Hapo mtoto alilia, na hakuna aliyemwambia kwamba mwanaume halii.

Dada alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, amejikunyata. Muuguzi alimwita, akamwomba amsaidie ndugu yake kuhesabu. Wakahesabu pamoja kwa Kiswahili, na daktari, asiyejua neno hata moja la lugha hiyo, akawa anangoja atajiwe namba kabla ya kukaza kila fundo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mtoto alipouliza kama kuna tano, aliambiwa haipo, na ilikuwa kweli.

Kabla ya kuondoka, mama alipewa maagizo kwa sauti ya mkalimani. Jeraha lisilowe siku ya kwanza. Nyuzi za usoni kwa kawaida hutolewa baada ya siku tano hivi, na za sehemu nyingine za mwili hukaa zaidi. Wekundu unaoenea, uvimbe, joto, usaha au homa ni sababu ya kurudi upesi, na zile dalili za kichwa zilizotajwa zichunguzwe nyumbani kwa siku chache zaidi. Kadi ya chanjo iliangaliwa ili kuhakikisha kinga ya pepopunda. Kovu likiisha kukauka, likingwe na jua kali kwa miezi kadhaa.

Asubuhi yake bibi alipiga simu tena kutoka Tanga, maana ile ya jana ilikatika kwa mayowe. Aliuliza kama mjukuu wake alijikaza. Mama akajibu, "Alilia, mama. Lakini alitulia mpaka wakamaliza."

Jioni, mtoto alipokisukuma chakula chake pembeni, maneno ya zamani yalimfikia mama ulimini. Aliyameza. Alisema tu kwamba chakula kitapoa, na yule mtoto, mwenye nyuzi nne usoni, akavuta sahani.

Wasikilizaji wapenzi, hakuna ajuaye ni lini atakimbilia chumba cha dharura na mtoto mikononi. Lakini kila mzazi aweza kuanza leo kumwambia mtoto wake daktari ni nani.