Bilani inatuambia nini mbele ya kununua mashini?
Neno la komite kwenye mkutano wa wanamemba, Bukavu



Wengi mnauliza: kwa nini tusitoe feza ya kesi ya mikopo tununue mashini ya pili ya kusaga mihogo? Tujibu kwa bilani. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na bilani ndiyo karatasi ambayo kompanyi zinapashwa kutoa kila mwaka. Iko na pande mbili: upande mmoja tuko na nini, upande mwingine feza zilitoka wapi. Pande zote lazima zilingane.

Tuchukue mfano. Mashini dola 600, mihogo na unga 250, deni za wateja 100, kesi 50. Jumla 1,000. Zilitoka wapi? Michango ya wanamemba 700, deni ya mwenye kutuuzia mihogo 300. Jumla 1,000.

Mtu anaona 1,000 anasema tuko matajiri. Lakini mashini haiuzwi kila juma. Vitu vinavyogeuka feza haraka ni 400. Tukitoa deni ya 300, inabakia 100. Hiyo ndiyo feza ya kuzungusha. Na mwenye mihogo akikuja leo kudai 300 zake, kwenye kesi atakuta 50 tu.

Angalieni Pharmakina, hapa kwetu Bukavu. Kinini inatoka kwenye maganda ya mti wa kinkina, na mti huo unangojewa miaka mingi mbele ya kuvunwa. Feza ya kupanda inalala kwenye udongo. Lakini mfanyakazi anangoja mshahara mwisho wa mwezi, na hauwezi kumlipa na mti mchanga.

Kwa hiyo komite inashauri hivi. Kitu cha kudumu kinunuliwe na feza ya kudumu: michango ya pekee, msaada, ao mkopo wa miaka kadhaa. Feza ya kesi ya mikopo ibakie inazunguka, juu mama aliyerudi jana na mizigo kichwani anaitegemea aanze kuuza makala juma hili. Tukiifunga ndani ya chuma, huyo mama tutamwambia nini?

Wafazili, mkitusaidia, mtuambie wazi: ni ya mashini ao ni ya kuzunguka? Tutaiandika kwenye mstari wake.

Sasa tupige kura.