Simu Haiwezi Kukuwekea Mikono

Mpendwa, unaniuliza: "Mtumishi, ni lazima niende kanisani ndio niokoke?" Hapana. Kiti cha kanisa hakiokoi mtu, Yesu ndiye anaokoa. Lakini sikia hii.

Mwaka 1977 Idi Amin alipiga marufuku madhehebu na vikundi 27 hapa Uganda, Wapentekoste wakiwemo. Waliookoka wakakutana majumbani kwa siri, wakijua wanaweza kukamatwa. Hawakusema, "Nitaomba peke yangu, yatosha."

Machi 2020 korona ikafunga makanisa. Septemba yakafunguliwa, watu 70 tu kila ibada. Leo mlango uko wazi kabisa, ila wengine bado wamebaki na redio na simu.

Redio inahubiri vizuri, lakini haijui kama umelala njaa pale Katwe. Yakobo 5:14 inamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Wewe utamwita nani, kama hakuna anayekujua? Uliyevuka mpaka kutoka Goma au Kisumu, shangazi yako yuko mbali. Ndugu zako wa karibu ni hao wa Jumapili. Na yupo mmoja kati yao anayekungoja wewe umwombee.

Jumapili hii njoo. Amina!