Kwenda Mgeta Masika Yakiisha

Msikilizaji, masika yakielekea kuisha mwezi Mei, wengi hupanga safari ya gari kwenda Mgeta, kwenye bustani za mboga milimani Uluguru. Kutoka mjini Morogoro, shika barabara ya Iringa, pita bwawa la Mindu, kisha kunja kushoto Sangasanga uanze kupanda.

Kabla ya kuondoka, kagua breki, matairi na waipa. Waulize madereva wa njia hiyo hali ya barabara, maana udongo ulioloa huporomoka hata siku isiyo na mvua. Ukiteremka, tumia gia ndogo. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kushindwa kushika.

Maji yakifunika barabara, usiyajaribu: sentimita 30 zatosha kuelesha gari dogo. Subiri yapungue. Kwa dharura, piga 112.